Kumbukumbu ya mradi: kuitia Hermas kwenye solfa

Wiki ya kwanza

Nimeanza. Naitoa tuni moja ya Mwingereza Frances Ridley Havergal kwenye nota za mistari mitano na kuiandika kwa solfa, yaani nota za herufi (do, re, mi), sauti zote nne, ili kwaya yetu ya watu 13 hapa Mombasa iiimbe Alhamisi ya Kupaa. Havergal tunamwimba bila kumjua. "Twae wangu uzima" ya Tenzi za Rohoni ni maneno yake ya Februari 1874. Lakini wanaomfahamu nao humfahamu kama mshairi tu. Mimi namtaka yule aliyekuwa akikaa kinandani.

Alizaliwa 1836 kijijini Astley, Worcestershire, kitinda mimba wa kasisi William Henry Havergal, ambaye naye alikuwa mtunzi. Mama alifariki binti akiwa na miaka 11. Miaka ya 1860 alizipeleka tungo zake Köln, Ujerumani, kwa Ferdinand Hiller, mwanamuziki mkubwa wa siku hizo, amwambie ukweli. Hiller alisifu hamonia kuliko nyimbo zenyewe. Kwa nilivyoona hadi sasa, namuunga mkono.

Tuni niliyochagua ni Hermas, ya 1871. Nilidhani ni jina la mji, kumbe ni yule Herma wa Warumi 16. Nyingine aliiita Epenetus, yaani Epaineto wa sura hiyohiyo. Basi alikuwa akisoma orodha ya salamu za Paulo na kuwagawia watu tuni!

Maneno ya wimbo wa tuni hii, ambao ni wa Kupaa, aliyaandika Perry Barr, Uingereza, ameegemea ukuta wa uwanja wa shule ya wavulana. Alikuwa amechoka, mwenyeji wake akaingia ndani peke yake. Dakika kama kumi baadaye alimkuta anaandika juu ya bahasha kuukuu. Mimi mstari mmoja wa alto umenila jioni mbili.

Wiki ya tatu

Mazoezi ya kwanza, aibu tupu. Kwenye solfa nukta mbili hutenga mapigo, nukta moja hukata pigo nusu, kistari huvuta sauti. Mimi palipotaka nukta moja nimeweka mbili, nusu pigo ikawa pigo zima. Soprano wakaishiwa pumzi kabla mstari haujaisha, tena wakaniangalia mimi, si mwalimu wa kwaya. Nimerudi nyumbani na kifutio.

(Hii solfa nayo asili yake ni mwanamke: Sarah Ann Glover, mwalimu wa Norwich. John Curwen aliuchukua mfumo wake, akaubadilisha, akausambaza.)

Maneno ya Kiswahili bado sina, tunaimba "la, la". Mistari ni silabi sita kisha tano, sita kisha tano. Jaribu wewe: "tunakushukuru" peke yake imeshamaliza sita, na hujasema unamshukuru nani wala kwa lipi.

Wiki ya tano

Mvua imeingia kwenye begi, kurasa tatu za besi zimekuwa wino mtupu. Nilikuwa naanza kulalamika nikamkumbuka yeye. Mwaka 1874 kiwanda kilichokuwa kikichapa kitabu cha tenzi alichokihariri kiliungua, na sahani za kuchapia nota zikateketea. Hakuwa amebakiza nakala. Ilimbidi aandike upya kila kitu, nota kwa nota, akiwa mtu mwenye afya mbovu. Alifariki 1879, ana miaka 42. Tangu leo kila ukurasa naupiga picha kabla wino haujakauka.

Jambo jingine lililonikalia moyoni wiki hii. Ule ubeti wa fedha na dhahabu wa "Twae wangu uzima" aliutekeleza: mwaka 1878 alifungasha vito vyake, karibu vipande 50, pamoja na kasha lake, akavipeleka CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, viuzwe. CMS haohao ndio waliofungua Freretown hapa Mombasa 1875, makao ya watumwa walioachwa huru, na kengele ya Freretown ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Napita hapo kila asubuhi kwa matatu, kondakta anapaza sauti "Kengeleni, Kengeleni!", na mimi nimefumba macho nahesabu mapigo ya sauti ya tenor.

Wiki ya saba

Hermas imesimama. Besi ni wawili na mmoja ana kikohozi, lakini alto wamependa sehemu yao, wanaiimba hadi kwenye ngazi.

Kwa kuwa tulibakiwa na muda, nilileta Patmos, tuni ya babake. Havergal mwenyewe alipenda "Twae wangu uzima" iimbwe kwa hiyo, hakutaka nyingine. Tukaijaribu beti mbili, ikaingia vizuri kabisa. Mzee wetu wa besi, huyo wa kikohozi, alisubiri tumalize, akafunga kitabu chake.

"Haya, mwanangu, ya babake tumeisikia. Sasa tuimbe ile ya bibi zetu."

Tukaiimba.