Mama hafichiki

Leo jioni nilikuwa naongea na mdogo wangu kwenye simu, binti yangu amekaa ubavuni pangu anachora, mara nikajikuta nimeingia kwenye kinyume, ile lugha ya siri ya kugeuza maneno. “Shoke nosinda,” nikamwambia mdogo wangu. Kesho sindano. Miaka mingi sijakisema, lakini ulimi haujakisahau.

Kinyume tulikiiba kwa bibi, Unguja. Yeye na dada yake walikisema huku wanachagua mchele, kwa kasi ambayo sisi watoto tulidhani ni Kihindi. Kanuni ni moja tu: silabi ya mwisho unaitanguliza. Chakula ni lachaku. Mgeni anakuja, nimge jaanaku. Ni mchezo wa zamani. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikiandika huko Unguja karne ya 19, na vijana wa Nairobi wanaoiita stori risto wanapita njia hiyohiyo. Mara nyingine neno likigeuzwa linazaa neno jingine zima. Siku moja bibi alisema “liwa kiumeba”, nikakimbia kumletea liwa ya kujipaka. Kumbe wali umebaki.

Nilikifumbua kwa sababu ya neno moja. Bibi alinitupia jicho, akamwambia dada yake polepole, “Eusimwambi mama.” Mama! Ukimgeuza anabaki mama. Baba vilevile, na kaka, na dada, na bibi mwenyewe. Nikalishika neno hilo kama ncha ya uzi, nikavuta silabi moja moja mpaka “usimwambie” ikatoka.

Nilipokuja kusoma habari za Enigma, mashine ya siri ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, nilimkumbuka bibi. Mashine ile haikuweza kamwe kuiacha herufi kama ilivyo: A iligeuka yoyote ile, ila si A. Wafumbuzi wa Bletchley Park, Uingereza, walikisia neno lililomo, wakalipanga chini ya maandishi ya siri, na kila herufi ilipolingana na ya juu yake walijua neno haliko hapo. Siri ya Wajerumani ilivujia kwenye herufi isiyoweza kubaki yenyewe. Ya bibi ilivujia kwenye neno lililokataa kugeuka.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kinyume kilinifundisha silabi kabla ya mwalimu yeyote. Mbuzi ni zimbu, mb haiachani. Lakini mbwa ni bwam. Ile m ya mbwa inasimama peke yake, silabi kamili, na mtoto wa miaka minane anaikata mahali pake bila kuelekezwa na mtu. Nchi ni chin. Mtu ni tum. Sarufi yote hiyo tulikuwa nayo mdomoni, tukiitumia kuulizana nani kaficha embe.

Nilipokata simu, binti yangu alikuwa ameweka kalamu chini. Midomo inachezacheza bila sauti. Kisha akaniangalia.

“Mama, kisita nosinda.”