Enter moja, mauzo mawili

Jamani, siku tatu nimehangaishwa na kitu kidogo mpaka nikaona aibu. Nimemwandikia mjomba programu ya mauzo kwa lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kutengeneza madirisha na visanduku, ya duka lake la Ngamiani. Juzi kauza sukari kilo 2, akaandika kwenye kisanduku, akabonyeza Enter. Hesabu ikasoma kilo 4. Akanitazama juu ya miwani: "Mjomba, hii mashine yako inanisaidia au inanifilisi?" (Naye huniita mjomba, ndiyo Tanga hii.)

Nikasingizia kibodi, maana imejaa unga wa sembe. Nikaisafisha, wapi! Kumbe Enter niliifunga, yaani niliiunganisha na funksheni (kipande cha kodi) ya kuandika mauzo, mara mbili: kwenye kisanduku na kwenye dirisha zima. Sasa kwenye Tkinter tukio la kibodi haliishii lilipotua. Linaanza kwa elementi yenyewe (hapa, kisanduku), linapita kwenye darasa lake, yaani aina yake, linapanda hadi dirisha, kisha linamalizia kwenye "all", yaani elementi zote. Popote penye funksheni iliyofungwa, inafanya kazi. Unapiga hodi moja, wanaitika wawili.

Dawa yake? Funksheni ya kisanduku irudishe "break", tukio likomee hapo. Mstari mmoja tu, baada ya siku tatu!

Leo asubuhi simu tena: Enter ya upande wa namba haifanyi kitu. Kompyuta yake inatumia mfumo wa Ubuntu (Linux), na huko Enter ile ina jina lake, KP_Enter. Sikuifunga. Haya, narudi Ngamiani.