Siku tuliyoishusha Celica chini ya mwembe

Nilipoinunua ile Celica, mwaka 2018, ilikuwa imesimama juu kama mtu aliyepandisha suruali avuke korongo. Ni zile za taa nne za mviringo, toleo la sita, ambazo Toyota ilizitengeneza kuanzia 1993 hadi 1999. Wajapani waliichora ikae chini. Aliyekuwa nayo kabla yangu akaiwekea spesa, yaani kipande cha kuinulia gari, juu ya shokapu, kama wanavyofanya wengi huku kwetu wakinunua gari dogo, ili tumbo lisikwaruze. Simlaumu. Mtu anayekwenda vijijini Sikonge kwenye vumbi na makorongo anajua anachokikimbia.

Mimi safari zangu zilikuwa za mjini hapa Tabora, kutoka Ng'ambo hadi kazini na kurudi, na mara mojamoja barabara ya Nzega ambayo ni lami tupu. Na gari halikuwa sawa. Ukiingia kona linalala ubavu, halafu linachelewa kuinuka. Ukishika breki pua inazama. Nikifika spidi ya 80 usukani unanitetemekea mikononi. Kila nikiliegesha nageuka nyuma kulitazama, na kila nikilitazama naona lile pengo kati ya tairi na madigadi, unaingiza ngumi na nafasi inabaki.

Kijana mmoja wa gereji alinipa suluhisho la siku hiyohiyo. "Dada, hizo springi tunazipitisha grenda, tunatoa duara moja na nusu, unalala chini kama unavyotaka." Bei yake ilikuwa ndogo na nilikuwa na haraka. Nilikaribia kumkubalia. Jioni nikapita Kiloleni kwa Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni mstaafu wa reli. Miaka mingi alifanya kazi stesheni ya Tabora, pale treni ya kutoka Dar es Salaam inapogawanywa, mabehewa mengine yashike njia ya Mwanza, mengine Kigoma, mengine Mpanda. Kazi yake ilikuwa chini ya mabehewa: magurudumu, breki, springi. Mimi nimerithi jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nikiwa mtoto ananiita mama. Nampa shikamoo, ananijibu "Marahaba, mama," na hata akitaka kunigombeza hugombeza kama anayeomba ruhusa.

Nilipotaja grenda aliweka kikombe chini.

"Mama, springi ni waya mmoja uliozungushwa. Uzito ukija, kila duara linabonyea kidogo. Ukiondoa maduara, umeondoa na ule mbonyeo wake. Springi inakuwa fupi, sawa, lakini inakuwa ngumu zaidi pia. Na ile ncha uliyoikata haina tena kitako."

Akanieleza kwamba springi ikikosa kitako, siku tairi likining'inia kwenye shimo, springi inachezacheza mle ndani na inaweza kurudi imekaa vibaya. Wale wanaoichoma kwa moto wa gesi hadi gari lishuke lenyewe hakutaka kuwazungumzia sana. "Hao wanaua chuma," alisema, akaendelea na chai yake.

Basi nikaagiza springi fupi za kiwandani, zilizokwisha kutumika, kutoka Kariakoo. Zilikuwa za Tein, kampuni ya Kijapani, na ile rangi yao ya kijani, zikanijia kwa treni ndani ya mfuko wa salfeti. Nilidhani tutazifunga siku ileile. Baba Mdogo akazitoa moja moja, akazifungia waya na kuzitundika kwenye tawi la mwembe uani kwa mama yangu. Akachukua nyundo ndogo akazigonga, akiwa ameinamisha kichwa. Ya kwanza ikalia, sauti ikakaa hewani. Ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Ya nne ikajibu kwa mkato, kama sufuria lenye ufa. Mimi moyo ukanishuka. Yeye akaizungusha polepole kwenye mwanga, akaona mrija wa raba umevalishwa kwenye duara la chini, akauchana kwa kisu. Ndani mlikuwa na udongo mkavu wa mahali fulani nisipopajua, na kutu kidogo. Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, akakipitishia ukucha kutafuta ufa. Hakuupata. Akagonga tena, nayo ikalia kama wenzake. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakizisikiliza chuma za mabehewa. Nilikaa nimeishika ile springi bado inatetemeka vidoleni mwangu, nikajua nilikuwa karibu kumpa gari langu mtu asiyesikiliza chochote.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumamosi moja ya Oktoba, kabla ya mvua, jua la Tabora likiwa kali tangu saa tatu. Uani kwetu ni mchanga, na mchanga haubebi jeki. Baba Mdogo alikuja na vipande vya mbao ya mninga, vinene kama tofali, tukaweka jeki juu yake, na stendi juu ya vingine. Alilisukuma gari kwa bega kila upande kabla hajaniruhusu kuingiza hata mkono. Halafu akapima. Kipimo hakukianzia ardhini, alikianzia katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa bado limesimama kwa tairi zake. "Ardhi inadanganya, na upepo wa tairi unadanganya." Mbele tulipata sentimita 41. Akaiandika kwa chaki kwenye mfuniko wa ndoo.

Nati tulikuwa tumezilowesha oili tangu Ijumaa. Tuliachanisha mpira wa breki na mguu wa shokapu, tukatoa boliti mbili nene za chini, na habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu, akaifunga kwa waya isije ikaangukia nje na kuvuta shafti. Juu, chini ya boneti, nati tatu. Mguu wote ukatoka, shokapu na springi vikiwa kitu kimoja, na juu yake ile spesa: kipande cha aluminiamu chenye unene wa sentimita mbili na nusu, kimechongwa kwa mkono, tundu moja limepanuliwa kwa tupa. Mtu alikaa akakitengeneza kwa subira. Nilikifuta vumbi nikakiweka pembeni, sikukitupa.

Sasa springi ya zamani. Humo ndani imebanwa, na kinachoizuia ni nati moja tu juu ya fimbo ya shokapu. Ukiifungua bila kuibana springi kwanza, kile kitako cha juu kinakurukia usoni. Tuliazima vibanio viwili, kila kimoja ni boliti ndefu yenye ndoano mbili. Unaviweka pande mbili zinazotazamana, unakaza huku kidogo, unahamia kule kidogo. Kabla sijaanza, Baba Mdogo akatoa mnyororo aliokuja nao, akaupitisha katikati ya maduara, akauzungushia kitako cha juu na cha chini, akaufunga na kufuli. Niliona anapoteza muda, na nilimwambia. Alinijibu, "Nisamehe, mama, ndivyo nilivyozoea," akakaza kufuli.

Nilianza vizuri. Mizunguko mitatu huku, mitatu kule. Jasho likinishuka, mkono wa kulia ukachoka, nikawa nakaza zaidi ule upande uliokuwa rahisi kwangu. Springi ikaanza kupinda kama ndizi. Sikuiona, nilikuwa natazama nati. Baba Mdogo akaiona, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Acha hapohapo. Toa mikono, rudi nyuma." Nikaachia. Nilikuwa nimepiga hatua mbili hivi ndoano ikateleza.

Mlio ule sijausikia tena maishani. Kuku walitawanyika, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Springi ilirukaruka mara moja ndani ya mnyororo ikanyamaza. Kibanio ndicho kilichoruka, kikaenda kugonga shina la mwembe na kuchimba gome kipande cha kiganja. Alama hiyo ipo hadi leo, imeota ngozi mpya pembezoni. Iko usawa wa kifua changu.

Hakuna aliyenigombeza. Mama alikuja akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akahesabu vidole kwa macho, akarudi jikoni. Baba Mdogo akakaa juu ya mbao ya mninga, akaomba maji. Baada ya kunywa akasema tupumzike mpaka baada ya adhuhuri, akaenda kuswali. Mimi nilikaa nikitazama ule mnyororo. Pingili moja ilikuwa imejikunjua kidogo.

Tuliporudi alinipa mimi tena kazi ileile. Nilitegemea ataifanya mwenyewe. Akasimama nyuma yangu akihesabu kwa sauti, mzunguko mmoja huku, mmoja kule, na kila baada ya mitano tunasimama tutazame kama springi imenyooka. Miguu mitatu iliyobaki tuliifanya hivyo, na haikutusumbua. Springi za kijani zilikuwa fupi kiasi kwamba kuzibana kulikuwa kidogo tu, nati ikashika nyuzi karibu bila mapambano. Ile raba ya ndani inayozuia shokapu isigonge mwisho alinikatishia kipande, kwa sababu gari likikaa chini shokapu linabaki na nafasi ndogo, na raba ikiwa ndefu unakuwa unaendesha juu ya raba, si juu ya springi. Ncha ya kila springi akaipapasa kwa kidole kuhakikisha imeegemea ngazi yake.

Magharibi ikatukuta gari liko chini. Nilipima kwa tochi ya simu: bado 38. Nilisikitika. Baba Mdogo akacheka kidogo, akaniambia nipande bampa la mbele nilidundedunde, kisha nilisogeze mbele na nyuma mara kadhaa. Chuma na raba zilikuwa zimeshikana kwa mkao wa kuning'inia. Halafu tukalipandisha juu ya mbao nne, uzito wote ukiwa kwenye tairi, akaingia chini kukaza boliti za bushi, zile raba za kwenye maungio, alizokuwa ameziacha legelege makusudi. Ukizikaza gari likiwa hewani, alisema akiwa kule chini, bushi inabaki imejisokota siku zote na inachanika mapema. Nilipopima tena ilikuwa 35 na nusu, kulia na kushoto sawasawa.

Jumapili asubuhi alikuja na uzi wa mwashi. Tukaunyoosha pande zote mbili za gari, umefungwa kwenye stendi nne, tukapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila tairi. Za mbele zilikuwa zimefunguka, zinatazama nje, kwa kuwa gari likishuka mikono ya usukani inabadilisha pembe. Tukarekebisha tairodi, ndiyo hiyo mikono ya usukani, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Akanionya kwamba tairi za mbele sasa zimeegemea ndani kidogo kwa juu, nizipapase upande wa ndani kila mwezi kwa sababu ndiko zitakakolika, mahali ambapo macho hayafiki.

Kisha tukatoka, yeye kiti cha kushoto, mikono juu ya magoti. Tulipita chini ya miembe ya mjini polepole, matuta nikiyavuka kwa mshazari. Barabara ya Nzega ikafunguka. Nikafika 80, usukani umetulia. Ikaja kona ndefu ya kulia. Nilisubiri lile lalio la ubavu, halikuja. Gari liligeuka zima, kama linavutwa na kamba. Sikusema kitu kwa sababu koo lilikuwa limekaza. Baba Mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, vilevile kama alipokuwa akigonga springi.

"Imekaa, mama," akasema.

Mbele ya geti letu kuna mtaro wa maji ya mvua. Tuliporudi tulikuta mama ameshaweka mbao mbili za mninga juu yake, amezipima kwa hatua. Baba Mdogo akashuka, akachuchumaa ndani ya geti, viganja viwili ameviinua kama anayeliita behewa taratibu liguse jingine. Nikaingiza. Kati ya bampa na mbao palibaki nafasi ya vidole viwili, akaniwekea na vidole vyenyewe pale nivione.