Kutoka Ukungu wa San Francisco hadi Majabali ya Yosemite: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Juni, kioo cha gari langu la watalii jijini San Francisco kimelowa kana kwamba kulinyesha usiku, ingawa mvua hatujaiona kwa wiki kadhaa. Ni ukungu tu. Naufuta, napima upepo wa matairi, kisha nawapitia abiria kumi na wawili hotelini. Miongoni mwao yumo mama mmoja wa Tanga aliyekuja kumtembelea bintiye, naye amejitanda khanga juu ya sweta. "Mwanangu, hii ndiyo California ya jua tuliyoambiwa?" Namwomba anivumilie saa mbili tu.

Saa moja asubuhi tunavuka vilima vya Altamont, ambako mitambo ya upepo imejaa tangu miaka ya 1980. Waliopachagua hawakubahatisha: Bonde la Kati la California, lililo ng'ambo ya vilima, likipata joto, hewa yake hupanda, na ile ya baharini, iliyopozwa na mkondo baridi wa Pasifiki, huvutwa kupitia mianya ya vilima ili kuziba nafasi hiyo. Yaani ukungu unaomtetemesha mama unavutwa na joto lile lile analolitamani.

Saa mbili tumo bondeni na sweta limevuliwa. Bonde hili lina urefu wa zaidi ya kilometa 600, na milozi imepandwa kwa safu hadi macho yanachoka; takriban asilimia 80 ya lozi za dunia hutoka California. Abiria wengi husinzia hapa, wala siwalaumu.

Saa tatu tunaukabili mwinuko wa Priest Grade. Barabara ya zamani ni fupi lakini kali mno, kwa hiyo mimi hufuata ile mpya yenye kona nyingi. Baada ya mji mdogo wa Groveland tunapita palipoteketea mwaka 2013, moto ulipounguza zaidi ya hekta 100,000. Vigogo vikavu bado vimesimama juu ya vichaka vichanga.

Saa nne na nusu tunashuka Tunnel View, mahali pa kutazamia bonde la Yosemite. Kushoto ni El Capitan, jabali moja la itale lililopanda mita 900 hivi kutoka bondeni. Kulia, maporomoko ya Bridalveil yanaanguka mita 188, na upepo unayapeperusha kabla hayajagusa chini. Mama anakaa kimya muda mrefu, kisha anasema, "Subhanallah." Maporomoko makubwa ya Yosemite, yenye mita 739, huweza kukauka ifikapo Agosti, ndiyo maana mimi huwahimiza watu waje Mei au Juni.

Saa kumi alasiri nahesabu vichwa; mmoja anatuchelewesha dakika arobaini.

Saa mbili kasoro robo usiku, Altamont tena. Sasa upepo unatupiga usoni, mapanga ya mitambo yanazunguka kwa kasi, na usukani naushika kwa mikono miwili. Tunapokaribia daraja la kuingia jijini, ukungu umekwisha kumeza minara yake. Kwenye kioo cha ndani namwona mama akilitafuta sweta lake.