Medali ya Bibi na Fundi wa Makoroboi

Medali yenyewe ni ya shaba, ndogo, na sura ya Mtakatifu Antoni wa Padua imelika hivi kwamba Mtoto Yesu aliyempakata unamtambua kwa kuambiwa tu. Mama yake bibi alivishwa na padre mmoja wa wale tuliowaita Mapadre Weupe, siku aliyobatizwa Kagunguli, kisiwani Ukerewe. Akamwachia bibi, naye hakuivua, si kwenye shamba la mihogo, si akienda kuoga ziwani.

Kwetu Antoni ni mtu wa nyumbani. Ukipotelewa na ufunguo, mbuzi au hela, unamwomba yeye. Bibi alitusimulia jambo hilo lilivyoanza: kijana mmoja mtawa alitoroka na kitabu cha Zaburi cha Antoni, Antoni akasali, kijana akakirudisha. Kwamba alizaliwa Lisbon mwaka 1195 na kufariki tarehe 13 Juni 1231 nilikuja kusoma mwenyewe baadaye. Bibi alijua sikukuu yake, na ilimtosha.

Juni 1996 alilazwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa ajili ya presha. Mwanza ilikuwa bado msibani. Tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilikuwa imepinduka ikitokea Bukoba, Mwanza ikiwa karibu kabisa, na ikazama na watu wanaokadiriwa kuzidi 800. Rais Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo, na wengi wakazikwa kwa pamoja Igoma. Watu walikuwa wanaogopa hata kuyatazama maji. Lakini mgonjwa wa Ukerewe atafikaje Bugando? Bibi alipanda meli Nansio, akaishika medali njia nzima, na njiani humo kile kitundu cha kupitishia uzi, kilichokuwa kimekwisha kulika, kikakatika.

Kulala bila Antoni shingoni kulimwumiza kuliko ugonjwa. Muuguzi alimwambia aiweke chini ya mto, akakataa. Mimi nilikuwa likizo ya kidato cha pili, ndiye niliyekuwa nalinda kitandani, basi nikatumwa mjini. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 13, sikukuu yenyewe. Sonara wa kwanza alisema shaba si kazi yake. Wa pili hata hakuishika. Mama mmoja wa mahindi ya kuchoma ndiye aliyenielekeza Makoroboi, kwa mafundi waliokuwa wakigeuza makopo kuwa koroboi.

Nilimkuta mzee mwenye kofia ya kiua, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu. Umeleta nini?"

Nikampa. Aliifuta kwa kitambaa, akaigeuza, akauliza huyu ni nani. Nikamweleza: ni mtakatifu, tunamwomba tukipotelewa na kitu. Aliweka chuma cha kulehemu kwenye mkaa kisha akanyamaza muda mrefu, nikadhani nimemkwaza, maana nilikuwa nazungumza mambo ya watakatifu na Mwislamu. Akakata kipande cha waya wa shaba, akakikunja kuwa pete, akapaka dawa, akadondosha risasi tone moja. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto, lakini sijawahi kuona mikono yenye upole namna ile. Ndipo akauliza, bila kuniangalia:

"Na watu je? Watu anawatafuta?"

Mdogo wake alikuwa ndani ya MV Bukoba. Miili yote aliyoonyeshwa aliitazama, hakumwona.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia bibi yangu ndiye anayejua, yuko Bugando. Hela alikataa. Jioni, saa ya kutazama wagonjwa, nilimwona anaingia wodini na chungwa mbili kwenye mfuko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilitegemea bibi amwambie maneno ya kufariji ya kawaida. Hakumwambia. Alimweleza habari ya Antoni kule Rimini, watu walipokataa kumsikiliza akaenda ufukweni kuwahubiria samaki, nao wakatoa vichwa majini kumsikia. Fundi alisikiliza kwa makini sana, kisha akasema, "Basi maji anayajua." Bibi akajibu, "Anayajua. Niambie jina la mdogo wako." Akaanza kulitaja kwenye rozari usiku ule ule. Naamini kabisa lile jina ndilo lililomwinua bibi kitandani. Alikuwa na mtu wa kumwombea, hakuwa na nafasi ya kufa.

Alipotoka hospitali alinituma mikate, nikampelekea Fundi awagawie watoto wa jirani wenye shida, kwa kuwa ndivyo Wakatoliki wanavyomshukuru Antoni. Fundi aliigawa yote. Tangu hapo bibi hakuja Mwanza bila kupita Makoroboi, na Fundi hakuacha kumtumia salamu na koroboi kwa kila aliyekuwa anakwenda Ukerewe. Mei iliyofuata walikwenda Igoma pamoja. Mmoja alisoma Fatiha, mwingine akasali rozari, nami nikasimama katikati yao. Mdogo wake hakupatikana. Bibi hakuona hiyo kuwa sababu ya kuacha, naye Fundi hakumwomba aache.

Bibi alipofariki, hatukumtegemea Fundi. Tangu ajali hakuwa amekanyaga chombo chochote cha majini, hata kivuko cha Kamanga. Lakini siku ya mazishi alishuka Nansio, kanzu imelowa jasho, akashika koleo pamoja na wajomba. Katekista aliyekuwa anaandika majina ya ndugu wa marehemu akamwuliza mjomba mkubwa huyu mzee amwandike wapi.

"Kwenye watoto," mjomba akasema. "Mwandike juu yangu, kanizidi umri."