Kila Baada ya Saa Nne

Jumapili, usiku

Kuna kosa dogo la lugha linalowatesa wagonjwa wengi majumbani mwetu, nalo huanzia pale dirisha la dawa. Mtoa dawa anasema, "Mpeni kila saa nne," akimaanisha kila zikipita saa nne. Mjukuu anasikia saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Anatimiza kwa uaminifu, hakosei hata dakika, na bibi anajikunja kwa maumivu tangu saa 8 mchana mpaka giza linaingia. Chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, ipo juu ya kabati, mjukuu yupo mlangoni, na maumivu yanaendelea kwa sababu ya neno moja tu.

Kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya wajukuu wa huku kwetu, Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea, ambao wameachiwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Mara nyingi ni wao. Msimu wa korosho ukifika watu wazima wanahamia shambani, na nyumbani anabaki mgonjwa na mjukuu mmoja au wawili. Lakini si msimu peke yake. Kwetu mjukuu ni mtani. Babu humwita wa kike "mke wangu", bibi humwita wa kiume "mume wangu", na utani huo hufungua mlango ambao mtoto wa kuzaa au mkwe hawezi kuugusa kwa haya. Mzee atakataa kuvuliwa nguo na binti yake, halafu atakubali kuoshwa na mjukuu huku wanataniana. Na kuna jambo kubwa kuliko kuoga: mzee huwaficha watoto wake maumivu, lakini humwambia mjukuu. Anayeambiwa ukweli wa maumivu ndiye anayestahili kufundishwa dawa. Tunakosea sana tunapomfundisha mjomba aliyekuja siku moja, kisha chupa inashikwa na binti wa kidato cha pili.

Turudi kwenye chupa. Mofini ya kunywa ni ya maji, na nguvu yake hukaa mwilini kama saa 4, basi. Ndiyo maana ratiba inakwenda hivi: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Dozi ya mwisho madaktari wengi huiandika mara mbili ya ile ya mchana ili mgonjwa alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Kama haikuandikwa, uliza, usijiongezee mwenyewe. Andika saa hizo 5 kwa kalamu nene na ubandike ukutani. Usifuate adhana, maana nafasi kati ya adhuhuri na alasiri si sawa na ile kati ya isha na alfajiri. Weka kengele ya simu.

Soma karatasi ya chupa kila unapoletewa mpya. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Ipo yenye miligramu 5 katika mililita 5, na ipo iliyo kali mara 10 ya hiyo. Ukizoea kijiko na chupa ikabadilika, umeharibu. Na kijiko chenyewe kisitoke jikoni, maana vijiko vya chai vya nyumba moja havilingani. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, vuta mililita zilizoandikwa, mwekee mgonjwa pembeni mwa shavu taratibu. Kila ukimpa, andika kwenye daftari: tarehe, saa, mililita, na maumivu yakoje kuanzia 0 mpaka 5. Daktari akilikuta daftari hilo, ataongeza au kupunguza dozi bila kubahatisha.

Kosa la kawaida ni kusubiri mpaka alie. Maumivu yaliyokwisha kupanda hushuka kwa shida na huhitaji dawa nyingi zaidi. Kosa jingine ni hofu ya uteja. Shangazi anakuja, anasikia jina mofini, anaificha chupa. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini kwa kipimo cha maumivu yake hageuki teja, wala dawa hiyo haimharakishi kufa. Ikikatwa ghafla ndipo anapoteseka mara mbili: maumivu yanarudi na mwili unatetemeka kwa kukosa ulichozoea.

Siku 2 au 3 za mwanzo atasinzia sana, pengine na kichefuchefu. Hupita. Kisichopita ni choo kigumu, nacho hudumu muda wote wa mofini. Hakikisha umepewa dawa ya choo siku ileile unayopewa mofini, kwa kawaida vidonge vya bisakodili. Zikikosekana, mbegu za papai zilizokaushwa husaidia: mbegu 5 hadi 30, atafune usiku, au zisagwe anywe na maji. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kabla ya chai ya asubuhi nacho husaidia. Angalia mtego huu: mgonjwa hajapata choo siku 4, mara anaanza kuvuja choo cha majimaji. Watu husema anaharisha, wanaacha dawa ya choo. Kumbe maji yale yanapita pembeni mwa choo kigumu kilichoziba. Mpeleke akapimwe. Na tumbo likiwa limevimba, gumu, na anatapika, usimpe kitu chochote cha kumfungua choo, wahi hospitali.

Ukimkuta haamki hata ukimtikisa bega, anapumua polepole mno, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, usitoe dozi inayofuata, mpigie muuguzi simu. Angalia pia mkojo. Ukipungua sana, figo hazitoi dawa mwilini kama zamani, na kipimo kilekile kinaweza kumzidi.

Sasa ngozi. Mzee aliyekonda kwa ugonjwa anaweza kupata kidonda cha kulalia kwa siku chache tu, kwa sababu mfupa unaibana nyama mpaka damu haipiti. Mgeuze kila baada ya saa 2 mchana. Usiku unaweza kuvuta kidogo kama amelala vizuri. Upande wa kulia, chali, upande wa kushoto. Akiwa ubavuni asilalie nyonga moja kwa moja, aegemee kidogo tu kwenye mto nyuma ya mgongo. Mto mwingine kati ya magoti. Kanga iliyoviringishwa chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie, visiguse godoro. Kila ukimgeuza, tazama mwishoni mwa uti wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega, hata masikio. Bonyeza palipobadilika rangi kwa kidole: pakibaki vilevile, pasipofifia, kidonda kimeanza, na hapo asipalalie tena. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo gusa pia. Penye joto au ugumu pana tatizo. Usipasugue kwa mafuta, unachana nyama iliyoko chini.

Kitanda cha kamba kilicholegea hutengeneza shimo katikati na mgonjwa hukaa amejikunja humo kutwa. Kaza kamba au tandika mbao, juu yake godoro la sponji, mpira, kisha shuka lisilo na mikunjo. Chini ya mgongo na makalio tandika kanga iliyokunjwa mara mbili. Hiyo ndiyo mikono yenu. Watu wawili mnashika pembe za kanga, mnapiga magoti kidogo, mnahesabu pamoja, mnamsogeza. Kumvuta kwa makwapa kunachubua mgongo na kunaweza kutegua bega lake, na mgongo wako pia hautakusamehe.

Kuogesha nitapita haraka, maana wengi wanajua: maji ya vuguvugu, uso kwanza, sehemu za siri mwisho na kwa maji mengine, mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, na sehemu isiyooshwa ibaki imefunikwa. Kufunika ni heshima, na utani hauiondoi.

Kinywa ndicho kinachosahaulika. Mgonjwa anayepumua kwa mdomo hukauka ulimi mpaka unapasuka. Funga kitambaa laini kidoleni, kichovye kwenye maji ya chumvi kidogo, pangusa ulimi, ufizi na ndani ya mashavu, mara 4 kwa siku au zaidi, kisha paka midomo mafuta ya nazi. Ukiona utando mweupe unaoganda, na akiguswa anasikia uchungu, hao ni fangasi. Wana dawa yake, na akitibiwa huenda akarudi kula siku ileile uliyodhani amekata tamaa.

Kidonda chenye harufu, kama cha saratani ya titi, huwafukuza wageni na mgonjwa huona kabisa wanavyokaa karibu na mlango. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa katika nusu lita. Ponda vidonge vya metronidazoli, ambavyo wengi huviita flajili, unga wake unyunyize juu ya kidonda kila unapofunga, baada ya kuelekezwa na muuguzi. Harufu husababishwa na bakteria, na dawa hiyo huwaua. Kitambaa kikigandia usikivute, lowesha kwanza. Nguo zenye damu ziloweke kwenye dawa ya klorini ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, dakika 10, kwa glavu.

Chakula kinavunja familia. Bibi anakula vijiko 3 vya uji wa mtama anageuza uso, na watu wanasema, "Mnamuua kwa njaa." Mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula kama zamani. Ukilazimisha, uji unaingia njia ya hewa, na baada ya siku 2 anakohoa na homa. Mkalishe, kidevu kiinamie kifuani kidogo, kijiko kidogo, subiri ameze, abaki ameketi nusu saa. Akitaka mchuzi wa samaki peke yake, ni mchuzi. Akitaka ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, na hawezi kutafuna, ponda aonje ladha tu. Dripu ya siku za mwisho mara nyingi huishia kuvimbisha miguu na kujaza maji kifuani.

Kwa upande wa hospitali, ulizeni tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kwa jina hilo hilo, Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, au Ndanda na Nyangao kwa walio karibu nako. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha wa gharama. Aanzie kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii. Mkisafiri kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, barabara kutoka Mtwara inazidi kilomita 550, na basi la alfajiri litapitiwa na dozi 2 au 3 njiani. Chupa iwe mkobani mwako, isiende kwenye buti.

Na tafadhali, asiwe mjukuu mmoja. Wekeni zamu kwa kuandika: huyu mchana, huyu usiku, mtu mzima mmoja kila Jumamosi na Jumapili. Binti anayesinzia darasani kwa sababu ya bibi yake anabeba mzigo wa ukoo mzima.

Mwisho ukikaribia, atalala muda mwingi, miguu itakuwa ya baridi na madoadoa, pumzi itakatika kisha irudi. Mkoromo wa kooni unatisha walio chumbani kuliko unavyomsumbua yeye. Mlaze ubavu, mate yatoke. Msimnyweshe tena. Huenda bado anasikia, kwa hiyo mambo ya mirathi yasisemwe pale. Mwislamu alazwe kuelekea kibla, atamkiwe shahada kwa sauti ya chini bila kumsonga. Mkristo wa Ndanda aitiwe padre mapema, angali anaweza kuitikia.

Dawa ya maumivu haikomi hata akishindwa kumeza. Mpigieni muuguzi awaambie mililita ngapi ziwekwe shavuni. Akishafariki, mofini iliyobaki isimwagwe wala isiazimwe jirani, irudishwe ilikotoka pamoja na daftari. Apewe kuipeleka yule yule aliyekuwa akiipima. Kwa siku kadhaa ataendelea kuamka saa 12 kamili asubuhi, na aachwe aamke.