Nilivyoizunguka Pemba kwa gari za abiria na kwa miguu

Watu wengi wakitaja Zanzibar huwa wanamaanisha Unguja. Mimi nilipanda boti bandari ya Malindi, hapo Unguja, nikashukia Mkoani, Pemba, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuwaona viumbe ambao hawapatikani popote ila Pemba. Kwa kisiwa cha ukubwa ule, si haba: kuna popo mkubwa anayekula matunda, na kuna ndege wanne, yaani ninga wa Pemba, ambaye ni njiwa wa kijani, chozi wa Pemba, yule ndege mdogo anayefyonza maua, bundi mdogo, na kijidege cha manjano kinachozurura bustanini kwa makundi.

Chanzo cha viumbe hao kuwa wa Pemba pekee ni mlango wa bahari ulio kati yake na bara. Unguja iliwahi kuungana na bara zama zile maji ya bahari yaliposhuka sana, lakini kati ya Pemba na bara kina kinapita mita 700, na pale hapakupata kukauka. Wanyama waliokuwa kisiwani wakabaki na kisiwa chao, wakageuka taratibu kuwa tofauti na jamaa zao wa ng'ambo. Ndiyo maana pia usitegemee kukuta wanyama wakubwa. Anayetaka tembo na simba aende bara. Pemba ni ya mtu mwenye subira na macho makali.

Sikukodi gari. Gari za abiria za Pemba zinafika karibu kila mahali nilipopataka, na ndani yake ndimo nilimopata habari zote: njia ipi imekatika kwa mvua, nani ana baiskeli ya kukodisha, wapi karafuu zinachumwa wiki hiyo. Barabara inapanda na kushuka bila kupumzika. Juu ya vilima ni mikarafuu na minazi, mabondeni ni mpunga, na upande wa magharibi bahari inaingia ndani kwa vidole virefu vilivyojaa mikoko. Ukielekea mashariki nchi inakuwa tambarare, udongo unapungua na unaanza kukanyaga maweni, yaani mawe ya matumbawe.

Kilichonifungulia vijiji ni salamu. Kila niliposhuka niliwatafuta wazee waliokaa barazani, nikatoa salamu, nikaeleza nimetoka wapi na natafuta nini, kisha nikauliza kama kuna haja ya kumuona sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Nilivaa nguo za heshima, na kamera ilibaki mkobani mpaka nilipopewa ruhusa. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona wageni wakipita na kamera shingoni kama vile kijiji ni maonyesho, halafu wanalalamika kwamba watu hawakuwachangamkia.

Kidike ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Unashuka barabarani kati ya Chake Chake na Wete, halafu unatembea kupita mashamba mpaka kwenye miti mirefu. Mzee aliyenipokea aliniambia, "Karibu mwanangu. Popo hawaendewi kwa kelele," kisha akatangulia bila kugeuka nyuma. Harufu yao niliipata kabla sijawaona. Halafu nikatazama juu, nikaona matawi yamejaa, wamening'inia mmoja baada ya mwingine.

Kwa karibu, popo wa Pemba ana uso wa mbweha: pua ndefu, masikio yaliyochongoka, macho makubwa yanayokutazama kichwa chini miguu juu. Manyoya yake ni ya hudhurungi inayoelekea rangi ya machungwa, na mabawa ni meusi. Akiyakunjua yote, kutoka ncha hadi ncha ni kama mita moja na nusu. Jua lilipokuwa kali walijipepea kwa bawa moja huku lingine wamejifunika. Mmoja aligeuka akashika tawi kwa vidole gumba vya mabawa, kichwa kikawa juu, akajisaidia, kisha akarudi alivyokuwa. Mzee akasema wote hufanya hivyo, hawapendi kujichafua.

Popo hawa walikaribia kutoweka. Walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya nyama, na misitu ilikuwa ikikatwa. Mwaka 1989 watafiti waliwaona wachache mno, lakini leo idadi yao inakadiriwa kupita 20,000. Wanasayansi walichangia, lakini kazi ya kila siku ilikuwa ya wanakijiji kama hawa wa Kidike, waliokubaliana kwamba miti hii haikatwi na popo hawapigwi. Makundi mengine yalisalimika kwenye miti ya makaburini, ambayo watu wanaiheshimu tangu zamani. Nilifurahi sana kujua kwamba mnyama huyu hakuokolewa kwa kuzungushiwa uzio. Usiku anatoka kwenda kula maembe na kuchavusha maua, asubuhi anarudi juu ya vichwa vya watu walewale.

Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza. Kandokando ya barabara majamvi yalikuwa yametandazwa, karafuu mbichi za kijani na nyekundu zikianikwa mpaka ziive rangi ya kahawia. Wachumaji walilipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, na jioni akina mama na watoto walikaa kuchambua, wakitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Hata makonyo hayatupwi, kwa kuwa yana kiwanda chake huko Wawi kinachokamua mafuta. Nilijifunza pia kwa nini Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona.

Ili kuwaona ndege nilikwenda msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi, nikipitia Konde. Chozi sikuhitaji kumtafuta, nilishamuona mara nyingi kwenye maua ya uani. Ninga alinipa kazi, kwa sababu rangi yake na majani ni moja mpaka aruke. Msituni kuna mivule mikubwa, na kuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu, huku wengi wa ndugu zake wakiwa Madagascar.

Bundi ni wa usiku, hivyo nilipatana na walinzi wa msitu mapema mchana. Tulisimama gizani taa zimezimwa. Perere, mnyama mdogo wa mitini, alipiga yowe refu, komba wakajibizana, ndipo bundi akaanza: sauti moja fupi, kimya, sauti moja tena. Mlinzi alielekeza tochi pembeni kidogo ya tawi ili asimuumize, nikaona macho mawili ya njano na mwili usiozidi kiganja changu kwa mengi. Akatuvumilia kidogo, akahama mti.

Kesho yake nilitembea mpaka ufuko wa Vumawimbi, kisha nikaenda Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa. Pazuri, lakini moyo wangu ulikuwa bado msituni.

Anayeniuliza aanzie wapi namwambia Kidike, na afike mnamo saa kumi jioni ili awakute popo wamelala na awaone pia wakitoka. Ila usafiri wa kurudi aupange kabla, kwa kuwa baada ya magharibi gari za abiria huwa chache.